Siku kumi Tanga, kutafuta shamba lisilo na nguzo

Daftari nililoandikia safari hii ni la matumizi: ukurasa wa kushoto nauli na chakula, wa kulia mengine yote. Picha kwenye simu ni mia mbili na zaidi, na nyingi ni za mawe ya mipaka, mifereji na ndoo. Anayetafuta picha za machweo anisamehe.

Mume wangu, Baba Neema, amewafungia watu umeme miaka thelathini na moja, na alipostaafu akasema hataki tena kuiona mita. Mimi sikuwa na ugomvi na mita. Nilichochoka nacho ni maji ya boza, na takataka tunazolipia kila mwezi zikachomwe mbele ya mlango wa mtu mwingine. Tukakubaliana kuhamia shamba lisilofikiwa na nguzo ya umeme: ekari mbili au tatu, maji ya chemchemi au ya mvua, jua la kutosha, nyumba ya udongo, choo cha mboji. Pesa ya ardhi milioni sita, haiongezeki. Tukachagua mkoa wa Tanga kwa kuwa una mlima wa mvua na bonde la jua ndani ya mwendo wa siku moja.

Septemba nayo tuliichagua makusudi. Kiangazi kimekaza, vuli haijaanza. Anayekuonyesha maji mwezi wa Aprili anakuonyesha mvua.

Jumamosi, 14 Septemba 2024. Mbezi hadi Muheza

Basi la saa kumi na mbili na nusu liliondoka stendi ya Magufuli, Dar es Salaam, saa mbili kasoro. Nauli elfu ishirini kila mmoja, na elfu tano ya mzigo, kwa sababu Baba Neema alibeba sola ya wati 20, waya, na kipima volti chake. Kondakta akauliza kama tunakwenda kufunga sola ya msikiti. Kutoka Chalinze hadi Segera nililala.

Muheza tulifika saa tisa alasiri, chumba elfu ishirini na tano na chai ya asubuhi ndani yake. Hatujamaliza kufungua mabegi, dalali amekwisha kufika. Nadhani kijana wa mapokezi ndiye aliyempigia. Neno lake la kwanza: "Mama, nina eneo, nguzo iko pale pale, hata hatua kumi hazifiki."

"Na lisilo na nguzo?" akauliza Baba Neema.

Dalali alicheka, akatutazama, akaona hatucheki. "Mzee, la giza nani ataniuliza?"

Tulikuja kuyasikia haya kila tulikokwenda. Kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000, kwa hiyo nguzo ikishapita barabarani, bei ya shamba inapanda kabla waya haujaingia nyumba hata moja. Wewe usiyetaka nguzo una nafuu, ila usiseme mapema. Sisi tulisema mapema, na dalali yule tangu hapo alituchukulia kama watu wanaokimbia kesi.

Jumapili, 15 Septemba. Muheza hadi Amani

Kilomita 35 hivi, mwendo wa karibu saa tatu. Gari dogo, watu wengi, kuku wawili, na dereva anayesimama kila penye mtu wa kumpa salamu. Barabara ni ya udongo na inapanda kwa kona. Palipokatwa na maji vijana wamejaza mawe, na dereva akawapa elfu mbili bila kuombwa. Zigi, pale ambapo zamani reli ya Wajerumani ilikuwa inaishia, mzee mmoja alishuka akaniachia kiti, ingawa nilimpa shikamoo na kumwambia aketi. "Marahaba mwanangu, mimi nimezoea, wewe umeshika ndoo." Kweli nilikuwa nimeshika ndoo. Nitaieleza mbele.

Ukipita hapo hewa inabadilika. Kuna msitu pande zote mbili, halafu mashamba ya chai, halafu iliki na mdalasini chini ya miti mikubwa. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea Amani mwaka 1902, na msitu ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997. Kwa msaka ardhi maana yake ni moja: karibu kila shamba linapakana na kitu kisichouzwa.

Usiku ule ulikuwa wa Maulidi. Hatukulijua hilo tulipopanga safari, tukajikuta tunatafuta hoteli katika kijiji ambacho kila jiko lilikuwa uani kwa mtu mwingine. Mama mmoja alituona tumesimama, akatuita kwa mkono. Tulikalishwa mkekani na sahani ya pilau, na hakuna aliyetuuliza tumetoka wapi mpaka tulipokwisha kunawa. Chai ya mdalasini juu yake. Ukurasa wa kushoto wa daftari, chakula cha jioni: sifuri.

Jumatatu, 16 Septemba. Amani

Sikukuu, ofisi zimefungwa. Atakayefuata nyayo zetu aangalie kalenda kwanza. Siku nzima ya kuuliza maswali ya ofisini ilipotea.

Shamba hatukukosa. Ekari tatu za iliki, mteremko laini, kijito kinapita chini na kinaongea hata Septemba hii. Mwenyewe anataka milioni tatu na nusu kwa ekari. Kwa hela yetu tungepata ekari moja na nusu, na nilikuwa tayari kuchukua hata hiyo, kwa sababu pale nilishajenga nyumba kichwani: jiko huku, baraza kule, na miguu yangu ndani ya maji.

Miguu ndani ya maji ndiyo iliyotuponza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Baba Neema akatoa futikamba. Kutoka kijitoni hadi kwenye jiwe la mpaka wa hifadhi ni mita 85. Ukitoa 60, unabaki na ukanda wa mita 25, na juu ya ukanda huo kuna miti mirefu ya hifadhi ambayo huruhusiwi kuigusa hata ikikufunika jua mwaka mzima.

Jua lenyewe, hadithi nyingine. Saa sita mchana ukungu ulikuwa bado umelala juu ya chai. Sola ya wati 20 ikatoa wati tatu. Mwenye shamba alikuja kuangalia, akasema kwa upole, "Jua letu lipo, ila halina haraka."

Ushauri kwa wa mlimani: kupima paneli mchana wa tarehe moja hakutoshi. Waulize wenye taa za sola ni miezi gani betri inazima kabla ya saa mbili usiku. Huku walitutajia Juni hadi Agosti bila kufikiri mara mbili.

Jumanne, 17 Septemba. Amani hadi Lushoto

Siku ya kukaa kwenye viti. Gari la alfajiri hadi Muheza, la pili hadi Segera, la tatu hadi Mombo, la nne mlimani. Jumla elfu ishirini na mbili kwa kichwa. Mombo ni tanuri. Kilomita 33 baadaye, ukiwa umepita Soni na maporomoko yake, unatafuta sweta. Tuliwasili giza limeingia, tukala viazi, maharage na mtindi kwa elfu nne, tukalala kwa blanketi mbili.

Jumatano na Alhamisi, 18 na 19 Septemba. Lushoto

Hapa ardhi haihesabiwi kwa ekari. Inahesabiwa kwa shamba, na shamba linaweza kuwa matuta sita ya kabichi. Watu ni wengi, mlima ni mmoja, na kila baba amewagawia wanawe. Lakini tulikuwa na jina la ndugu wawili wanaouza urithi wa baba yao, robo tatu ya ekari, milioni tano, na bomba la kijiji halijafika.

Baba Neema alipoona kijito kinachoanguka pembeni ya shamba alinyamaza kabisa, na mimi nikajua anapiga hesabu. Lita kumi kwa sekunde zikianguka mita kumi zinabeba karibu kilowati moja. Nusu inapotelea kwenye bomba na mashine, unabaki na wati mia tano usiku na mchana, bila betri kubwa. Kwa mtu aliyekimbia umeme alifurahi kupita kiasi. Nilimkumbusha kwamba kuchota kwa ndoo ni jambo moja na kuyachepusha maji ya kijito ni jambo jingine: la pili linataka kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, na makao yake yako Moshi.

Tulielewana bei Jumatano jioni: milioni nne na laki saba. Alhamisi asubuhi tukakutana kwenye baraza la kaka mkubwa, mashahidi wamekaa, karatasi ya mauziano imeandikwa kwa mwandiko mzuri. Ndipo ikaingia bodaboda, nyuma yake mama mtu mzima amejifunga kanga mbili, jembe mkononi. Shangazi yao.

Alitusalimu sisi kwa Kiswahili, akawageukia wao kwa Kisambaa, na kwa dakika ishirini hatukuelewa neno, ila tulielewa yote. Matuta ya juu analima yeye tangu kaka yake akiwa hai. Hakuulizwa. Baadaye ikajulikana pia kwamba mirathi haijafunguliwa, na mahakama haijateua msimamizi. Ndugu wale hawakuwa matapeli. Walikuwa na mtoto wa kusomesha, na waliamini kwamba shamba la baba ni la wana.

Shangazi alipomaliza alitukamulia maziwa yeye mwenyewe. "Hamjakosa kitu wanangu. Ila mngejenga, ningelima mpaka mlangoni kwenu." Nyuma ya nyumba yake ana ng'ombe watatu wa zizini na mtambo wa biogesi. Samadi inaingia huku, gesi inapikia kule, tope linalobaki linakwenda kwenye migomba. Nimempiga picha nyingi kuliko shamba. Hapo ndipo nilipoona kwamba sisi wenye orodha tulikuwa tunakwenda kujifunza kwake, si yeye kwetu.

Ukinunua shamba la urithi, omba kuona barua ya msimamizi wa mirathi, kisha uliza swali moja dogo: "Nani analima hapa sasa?" Litakuokolea siku mbili.

Ijumaa, 20 Septemba. Lushoto hadi Handeni

Korogwe tulikaa saa mbili tukisubiri gari la Handeni. Mama ntilie wa stendi alitupakulia wali na samaki, elfu tatu na mia tano, akauliza ndoo ile ya nini. Nikamweleza: ni ya lita 20, tunapima chemchemi. Unakinga maji, unaangalia saa, ndoo ikijaa unajua kwa dakika moja zinatoka lita ngapi. Tatizo ilikuwa imepasuka kitako kwenye buti la gari la Mombo. Akaingia ndani, akatoka na ya kwake. "Nirudishieni mkipita. Na mkimaliza huko Handeni, njooni niwapeleke kwa mama yangu mdogo. Ana maji, ila hana mtu."

Korogwe hadi Handeni ni lami, mwendo mfupi. Joto lilianza kabla hatujafika nusu.

Jumamosi, 21 Septemba. Handeni

Ekari moja laki tano. Nilimwomba dalali arudie. Laki tano.

Ardhi nyekundu, miti ya miiba, jua mpaka kichwa kinauma. Sola ilitoa wati 18, Baba Neema akaipiga picha ya ukumbusho. Maji ni ya lambo, na lambo Septemba lilikuwa limebaki tope na nyayo za ng'ombe. Tukapiga hesabu ya mvua chini ya mti. Kila milimita moja ikianguka juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 80 likipata milimita 800 kwa mwaka ni lita 64,000, kabla ya upotevu. Sisi wawili kwa lita 40 kila mtu tunatumia 80 kwa siku. Mwaka unatosha. Kinachosumbua ni miezi mitano ya ukame: lita 12,000 zilizohifadhiwa, maana yake simtanki kubwa tatu za 5,000 au kisima cha kujengea ardhini, na bustani bado hujaimwagilia hata tone. Inawezekana, lakini laki tano inaacha kuwa laki tano.

Halafu vipimo. Ekari kijijini ni hatua 70 kwa 70, na dalali wetu alikuwa mtu mfupi mwenye haraka. Futikamba ilipofuata nyuma yake, hatua zake sabini zilikuwa mita 44. Ekari kamili inataka karibu mita 64 kila upande. Mraba wake haukufika hata nusu ekari. Hakuona haya. "Mzee, hapa kila mtu anapima kwa miguu yake."

Aliyetuokoa ni mtendaji wa kijiji, ambaye alitufungulia ofisi Jumamosi bila kutudai senti. Ukutani kuna ramani ya matumizi ya ardhi ya kijiji kwa rangi: makazi, kilimo, msitu, malisho. Tukamwonyesha tulikotembezwa. Kidole chake kikatua kwenye malisho. Eneo la wafugaji, siyo la mtu kuuza. Akatueleza taratibu, na ninaziandika kama alivyosema: kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayoisimamia ardhi, na haimgawii mtu bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Karatasi ya dalali na mashahidi wake wawili, akasema, ni ya kufungia karanga.

Jioni ugali na mlenda, elfu mbili. Mlenda ule nimejaribu kuupika tangu turudi, haujakubali.

Jumapili, 22 Septemba. Miguuni mwa Usambara

Kijiji sikitaji, kwa sababu ya bibi. Ni upande wa Korogwe, pale mlima unapoanza, bodaboda elfu nane kutoka lami. Mama ntilie alifunga banda lake siku nzima kutusindikiza, na nauli yake alikataa tusimlipie.

Bibi ana ekari nne na nyumba ya udongo yenye ukuta mnene, ndani baridi kama mtungi. Chemchemi iko juu ya shamba, nje ya mpaka wake, na jirani watano wanachota. Tulikinga ndoo mara tatu: sekunde 48, 47, 48. Lita 25 kwa dakika, mwishoni mwa kiangazi. Sola ilitoa wati 15 saa nne asubuhi. Nguzo ya mwisho iko shuleni, kilomita mbili chini. Baba Neema alinitazama kama siku ya posa.

Tukataja kununua ekari mbili. Bibi alituacha tumalize, akamenya ndizi.

"Kodini kwanza. Limeni masika moja. Mimi sijawaona mkilima, na ninyi hamjaniona nikikasirika."

Mwenyekiti wa kijiji naye alisema hivyo hivyo kwa njia yake: uchaguzi wa serikali za mitaa ni tarehe 27 Novemba, yeye anamaliza muda, hataki saini yake ya mwisho iwe ya ardhi. Nilimheshimu.

Jioni, tukiwa tumekwisha kukubaliana, bibi akatoa habari yake njema aliyokuwa ameificha siku nzima. Umeme unakuja mwakani. Wamekwisha pima. Nguzo itasimama pale, kwenye mwembe.

Kimya. Mimi nilitazama ndizi.

"Mbona baba huyu hafurahi?" bibi akauliza. Mama ntilie akamweleza kazi aliyokuwa akiifanya. Bibi akapiga makofi. "Basi Mungu ameniletea fundi!"

Jumatatu, 23 Septemba. Kurudi

Ekari moja kwa mwaka, shilingi elfu themanini, imeandikwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na jirani wawili wa chemchemi. Risiti ipo. Ndoo tuliirudisha ikiwa na mkono uliokatika. Tulinunua mpya elfu saba, mama ntilie akaikataa, akafunga ile ya zamani kwa kamba.

Matumizi yote, watu wawili, siku kumi, pamoja na kodi ya shamba: 694,000. Kubwa kuliko yote ni bodaboda, kwa hiyo panga za siku nzima na mwelewane bei asubuhi, si kipande kwa kipande kama tulivyofanya.

Tunarudi katikati ya Oktoba kutifua kabla ya vuli. Jumamosi iliyopita Baba Neema alitoka Kariakoo na mfuko mweusi, akaumwaga mezani: swichi tatu, soketi mbili, holda nne, na waya mzunguko mmoja. Nilimuuliza ni vya nani.

"Vya bibi," akasema. "Fundi wa huko asije akamfungia ovyo."